Nyumba ya babu imevikwa saruji: maswali ya wasomaji kuhusu nyumba kongwe za pwani

Barua kuhusu nyumba kongwe zimekuwa nyingi tangu masika yapite, na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja kwa maneno tofauti: maji. Tumechagua tano. Wenyewe tumewataja kwa miji yao tu.

Lipu ya saruji inabanduka

*Sisi ndugu watatu tumerithi nyumba ya babu hapa Pangani, ya ghorofa moja, kuta za mawe. Miaka miwili iliyopita tulitoa lipu ya zamani upande wa chini tukapiga ya saruji. Sasa rangi inafura, lipu inatoka mapande mapande, na nyuma yake kuna unga mweupe. Fundi anashauri turudie saruji, safari hii na dawa ya kuzuia maji. Tumkubalie?*
Msomaji, Pangani

Msimkubalie. Fundi wenu huenda ni hodari wa nyumba za tofali, lakini ukuta huu si wa tofali. Ukuta wa mawe ya matumbawe una unene wa sentimita 45 hadi 60. Nje na ndani ni mawe. Katikati ni kifusi cha vijiwe, udongo mwekundu na chokaa. Hauna utando wa kuzuia maji kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda humo pamoja na chumvi, na Pangani, mlivyo kati ya mto na bahari, chumvi haikosekani. Zamani maji hayo yalipanda kidogo, yakatokea kwenye lipu ya chokaa, yakakaukia hewani. Lipu ikichoka baada ya miaka mingi, ilibanduliwa ikapigwa nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake, kuchakaa badala ya ukuta.

Saruji imeziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea huendelea kupanda, na pale yanapokauka nyuma ya lipu huacha chumvi, ambayo hukua kama vipande vya fuwele na kuisukuma lipu nje. Huo unga mweupe ndio huo. Mkiongeza dawa ya kuzuia maji mtakuwa mmeyapandisha juu zaidi, mpaka yafikie vichwa vya boriti za ghorofa. Hapo ndipo gharama inapokuwa kubwa kweli.

Kabla ya kugusa lipu, shughulikieni paa na ardhi. Gata lililovuja kwenye pembe moja laweza kulowesha ukuta kuliko maji yote ya msingini. Halafu tazameni chini: je, kuna kijia cha zege kilichomwagwa hadi ukutani? Vingi viliwekwa kwa nia njema, na vyote huyasukumia maji ukutani. Kateni ukanda wa sm 40 au 50 kando ya ukuta, chimbeni sm 30 hivi, msizidi chini ya msingi, kisha mjaze kokoto tupu ili ardhi ipumue.

Lipu yenyewe igongwe kwa mpini wa nyundo. Inapolia wazi imeshaachana na ukuta na itatoka kwa urahisi. Inapolia nzito imeshika, na hapo tumieni tindo ndogo mkianzia kwenye kingo za sehemu iliyo wazi, mkilaza tindo badala ya kuisimamisha. Nyundo kubwa ni marufuku: jiwe la matumbawe ni jepesi, likichomoka hutoka na kifusi cha nyuma. Endeleeni hadi sm 50 juu ya alama ya unyevu, kwa sababu chumvi hutangulia mbele ya alama.

Sasa acheni ukuta ukauke. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Ukuta wa sm 50 uliofungiwa miaka miwili haukauki kwa wiki mbili. Bandueni mara masika yanapoisha, mwezi wa Juni, upepo wa kusi upige ukutani miezi miwili. Kila wiki pigeni brashi kavu, kusanyeni unga wa chumvi kwenye turubai mkautupe mbali. Msiuoshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Lipu mpya ipigwe Agosti na Septemba, ikomae kabla ya vuli. Kupiga chokaa wakati wa kaskazi, jua likichoma, ni kuitia nyufa kwa makusudi.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kali za ukubwa mchanganyiko. Wa ufukweni una chumvi. Tieni mchanga hadi nusu ya chupa ya plastiki, jazeni maji, tikiseni, acheni saa chache. Tope likikaa juu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, huo uoshwe kwanza au uachwe.

Kipimo cha lipu ya kwanza ni debe 1 la chokaa iliyozimwa (yaani iliyotiwa maji baada ya kuchomwa) na kuloweshwa kwa debe 3 za mchanga. Chini kabisa, hadi kimo cha kiuno, punguzeni mchanga uwe debe 2 na nusu, mwongeze nusu debe ya unga wa tofali la kuchoma uliochekechwa; huo husaidia chokaa kushika hata penye unyevu. Kwa ukuta wa mita za mraba 10, lipu ya jumla ya sm 2 na nusu, hesabuni debe 15 za mchanga na debe 5 za chokaa hiyo nzito iliyoloweshwa, yaani karibu mifuko 3 ya kilo 25 ikiwa mmenunua ya unga. Mashimo hayamo katika hesabu hiyo. Mashimo yenye kina cha zaidi ya sm 4 yajazwe vijiwe vilivyokandamizwa kwenye chokaa. Chokaa tupu ikiwa nene hivyo hupasuka.

Msiongeze maji ovyo. Mchanganyiko wa chokaa huonekana mkavu mwanzoni, na fundi wa saruji mkono wake huenda kwenye ndoo moja kwa moja. Uchapwe kwa kitako cha jembe au mchi dakika 20 hivi, utalainika wenyewe.

Siku moja kabla, lowesheni ukuta jioni, na asubuhi tena, mpaka usinyonye haraka lakini usimeremete maji. Rusheni tabaka la kwanza kwa mwiko, lisizidi milimita 12. Likianza kukaza, kesho yake kwa kawaida, lisuguliwe kwa ubao na kuchorwa mistari ya kushikia tabaka la pili. Ngojeni siku 7 hadi 10. Muda wote huo ukuta ufunikwe magunia yaliyolowa, unyunyiziwe maji asubuhi na jioni, kwani chokaa haikomai kwa kukauka bali kwa kuvuta hewa ya kaboni ikiwa bado na unyevu. Ikikauka siku ya kwanza itabaki unga mkiigusa kwa kidole. Nyufa za utando zikitokea, maji yalizidi au jua liliwahi. Zisugueni tena kwa ubao siku hiyo hiyo. Ikitoka nzimanzima kama sahani, ukuta haukuloweshwa au vumbi halikupigwa brashi.

Lipu ikomee sm 5 juu ya ardhi. Pengo hilo halipendezi, lakini lipu inayogusa udongo hunyonya.

Chokaa naitoa wapi?

*Nasoma mkisema chokaa, lakini dukani nauziwa mifuko ya unga tu. Hiyo yafaa? Na je, naweza kuchoma mwenyewe kwa mawe ya baharini kama walivyofanya wazee?*
Msomaji, Bagamoyo

Ya mfukoni yafaa ikiwa ni mpya na ni chokaa ya ujenzi, si ya shamba. Unga uliokaa ghalani mwaka mzima umeshavuta hewa, umekufa. Ulinganishe uzito wa ujazo: wa kilo 25 ulio hai hujaa mfuko wote, uliokufa huwa mzito na wenye mabonge. Uloweshe kwenye pipa: tia maji kwanza, nyunyiza unga juu yake ukikoroga mpaka uwe mzito kama mtindi, kisha funika kwa vidole viwili vya maji. Saa 24 ni pungufu ya yote. Wiki mbili ni afadhali, miezi mitatu ndiyo kazi.

Kuchoma mawe ya baharini hapana. Matumbawe hai ya baharini yanalindwa, na si kitu cha kubishania. Wazee wengi walitumia pia mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, na hayo hutoa chokaa ileile. Tanga hadi leo huchoma mawe ya chokaa ya bara, kwa hiyo ukitaka chokaa mbichi ya mabonge, iliyochomwa lakini haijatiwa maji, anzia huko.

Kama una fundi anayejua tanuu, kazi inakwenda hivi. Magogo ya mnazi hupangwa duara, makubwa nje, madogo katikati, na tundu la kuwashia likiachwa wazi hadi chini. Mawe yavunjwe saizi ya ngumi, yapangwe juu. Moto huwaka usiku kucha na zaidi. Jiwe lisilofikia joto la nyuzi 900 hivi hubaki jiwe kiini chake, ndiyo maana mawe makubwa hukuacha na mabonge yasiyozimika. Fundi mvivu huyasaga akayachanganya humo humo, yachekeche.

Kuzima chokaa mbichi: pipa la chuma, maji kwanza, mabonge yakitiwa machache machache. Kumwaga maji juu ya mabonge makavu huyafanya yaruke, na maji huchemka kabisa. Miwani, glavu za mpira, watoto mbali. Ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha hospitali bila kungoja.

Boriti zimeoza: tumwage zege?

*Asalaam aleikum. Nyumba yetu iko Lamu, mtaani ndani. Boriti za dari ya chini zimeoza vichwa, upande wa choo zaidi. Kijana mmoja wa ujenzi asema tuvunje sakafu yote tumwage zege, kwani sakafu ya chokaa ni nzito. Mwasemaje?*
Msomaji, Lamu

Waaleikum salaam. Kijana wenu amesema kweli kuhusu uzito, na walio wengi hawalijui hilo. Sakafu ya kale ya mawe na chokaa yenye unene wa sm 25 hupita kilo 400 kwa mita ya mraba. Zege la sm 10 ni kilo 240 hivi. Lakini uzito si hoja peke yake. Ili zege likae, ukuta utachimbwa mfereji pande zote, na ukuta wa matumbawe ukikatwa hivyo umegawanywa vipande viwili. Boriti, zikiwa zimeingia kuta zote mbili, huzishika kuta zisitawanyike. Siku mnapozitoa zote kwa pamoja hakuna kinachoshika. Nondo nazo, kwa hewa ya bahari na mchanga wenye chumvi, hupata kutu, kutu hufura, na zege hupasuka kwa chini. Majengo ya zege yenye umri wa miaka 30 tu yaliyoanza kuonyesha nondo zake hayahitaji kutafutwa mbali.

Kinachooza kwa kawaida ni kichwa tu, kile kilichozama ukutani. Choma kwa bisibisi kila boriti penye ukuta. Isipoingia, iache. Ikiingia nusu ya unene, ibadilishwe. Na kabla ya yote, tafuteni maji ya choo yanapovujia, la sivyo mtabadilisha tena.

Urefu wa boriti ya mkoko, yenye kipenyo cha sm 11 hadi 14, ndio ulioamua upana wa vyumba vyenu. Vijiti vyembamba zaidi ni fito, kisha pau, kisha mazio, halafu boriti, na zilizo nene zaidi ni nguzo; mkinunua msikubali mazio kwa bei ya boriti. Ukataji wa mikoko unahitaji kibali cha idara ya misitu, kwa hiyo ulizeni mzigo umetoka wapi. Kenya ilikataza kuuza miti hii nje mwaka 1982, baada ya vizazi na vizazi vya majahazi kuipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako nyumba za zamani zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo. Boriti imenywe maganda, maana wadudu hujificha chini yake, na ikauke kivulini miezi miwili au mitatu.

Kubadilisha ni hivi. Simamisheni mirunda pande zote mbili za chumba, sm 40 kutoka ukutani, juu yake mbao ndefu, na kabari zikazwe kwa mkono tu. Mkizigonga kwa nguvu mtaipandisha sakafu na kuivunja. Kateni boriti mbovu katikati, vuteni vipande viwili. Tundu moja lisafishwe, la pili lichimbwe mara mbili ya kina chake. Boriti mpya iingizwe kwenye tundu refu kwa mshazari, iinuliwe, irudishwe kwenye lile fupi, mpaka kila kichwa kikae sm 20 juu ya jiwe bapa. Acheni nafasi ya hewa, sm 1 au 2, ubavuni na nyuma ya kichwa. Usoni zibeni kwa chokaa. Kichwa kilichofungiwa ndani ya saruji huoza kuliko kilichokuwa wazi. Vichwa vipakwe dawa ya mbao yenye boraksi; oili chafu huzuia wadudu, sawa, ila doa lake litapenya lipu. Msitoe boriti mbili zilizofuatana kwa siku moja. Chukueni moja katika kila tatu, mkazie, mrudi.

Penye boriti nyingi mbovu mfululizo, njia ya haraka zaidi ni kuweka mti mmoja mnene ukutani, chini ya vichwa vyote, ukibebwa na mawe yaliyotokezwa. Utaonekana, lakini haubomoi kitu, na atakayekuja baada yenu anaweza kuutoa.

Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001. Zungumzeni na ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini kabla ya kuvunja. Huenda mkapata hata ushauri wa fundi.

Ni ya Mjerumani au ya Mhindi?

*Jengo letu la familia Mikindani lina vyuma kwenye dari. Wazee wasema lilijengwa na Wajerumani, jirani asema ni la mfanyabiashara wa Kihindi. Nitajuaje umri wake? Na mlango wetu wa nakshi kuna mtu anautaka kwa bei nzuri.*
Msomaji, Mikindani

Chuma si hati ya Mjerumani. Beit al Ajaib, jumba la Sultani wa Zanzibar, ilitumia mihimili na nguzo za chuma mwaka 1883, kabla Wajerumani hawajashika pwani. Wafanyabiashara wenye pesa walinunua pia. Kinachosemwa na chuma ni kwamba jengo, au angalau dari hiyo, haliko mbali sana nyuma ya miaka ya 1880. Basi nyumba yenye mihimili ya asili ya namna hiyo haielekei kuwa ndiyo aliyolala Livingstone alipopita Mikindani mwaka 1866, hata kama kuna kibao ukutani kinachosema hivyo.

Futa kutu taratibu ubavuni mwa muhimili utafute jina la kiwanda. Mara nyingi limeinuliwa kwenye chuma. Vigae vya paa, kama vipo, vigeuze: vya Mangalore vina mhuri chini, na viwanda vya vigae vya misheni ya Basel vilianza huko mwaka 1865. Misumari ya mviringo ya kiwandani ni ya karibuni kuliko ile ya pembe nne iliyofuliwa. Kwenye pembe isiyopigwa na mvua, kata ngazi ndogo kwa wembe kupitia tabaka za rangi, hesabu na upige picha. Ufa ulionyooka wima toka chini hadi juu mara nyingi si ufa, ni mahali ukuta mpya ulipoegemezwa kwenye wa zamani, na pande zake mbili zina umri tofauti.

Kisha linganisha na jengo lenye tarehe. Mna bahati, Boma la Mikindani, jengo la utawala wa Kijerumani, ni la 1895. Lilikuwa gofu hadi shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa hoteli na mahali pa mafunzo. Nenda ukatazame unene wa kuta, matao na jinsi dari ilivyofungwa. La Bagamoyo ni la 1897. Jengo la serikali huwa na ua, baraza pana na vyumba vilivyopangwa kiofisi. Duka chini, makazi juu, roshani ya mbao mbele na mlango wa nakshi barabarani ni sura ya nyumba ya biashara. Kwa maelezo yako tunaegemea upande wa jirani. Karatasi za utawala wa Kijerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Mlango usiuuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya 1940, na majengo ya kabla ya 1863. Jengo lako laweza kuwa changa kwa sheria hiyo, mlango wake ukawa ndani. Idara ya Mambo ya Kale ndiyo ya kuuliza. Wakati huo, angalia miimo inapogusa sakafu. Mchwa huanzia hapo, na kizingiti kilichomiminiwa saruji huwaficha.

Rangi gani juu ya chokaa?

*Lipu ya chokaa imekomaa. Nipake rangi ya plastiki?*
Msomaji, Kilwa Kivinje

La, utaifunga upya. Paka chokaa ileile: kipimo 1 cha chokaa nzito kwa maji 4, uchuje kwa kitambaa, uwe mwepesi kama maziwa na usizibe chembe za ukuta. Ukuta uloweshwe kwanza. Tabaka la kwanza halionekani kabisa likiwa bichi, na hapo watu huongeza unene; usiongeze, kesho litakuwa jeupe. Paka tabaka 4 au 5, siku moja kati ya kila moja, asubuhi mapema au jioni. Ukitaka rangi, tumia unga wa rangi wa udongo au wa oksidi ya chuma, usizidi sehemu 1 kwa 10 za chokaa, na uchanganye ya nyumba nzima kwa mara moja, kwani ndoo ya pili haifanani na ya kwanza. Upande wa bahari rudia kila mwaka baada ya masika, mwingine kila miaka miwili.